Namna ya Kujificha Mtandaoni Mpaka Kila Tovuti Ikujue

Umeulizia bei ya friji mara moja tu, sasa friji zinakufuata hadi kwenye kurasa za tanzia. Dawa ipo: badilisha mstari wa utambulisho wa kivinjari chako.

Huo ni mstari ambao kivinjari huutuma kwa seva kila kinapoomba ukurasa. Chrome ya Android huanza na Mozilla/5.0 (Linux; Android 10; K), ikadai ni kama Gecko (injini ya kivinjari kingine), ikamalizia na Safari. Usishangae, ukoo mzima ndivyo ulivyo. Miaka ya 1990 seva nyingi ziliwapa kurasa zenye fremu wale tu waliojiita Mozilla, jina la ndani la kivinjari cha Netscape. Internet Explorer nayo ikajiita Mozilla, ikahudumiwa. Waliofuata wakarithi uongo huo na kuongeza wao. Hata hiyo Android 10 ni geresha, simu mpya kabisa husema hivyohivyo. Na K imekalia nafasi ya modeli. Zamani modeli ilitajwa waziwazi, tovuti ikajua hali ya mfuko wako kabla hujabofya kitu. Google iliiondoa mwaka 2023. (Tovuti ikiitaka sana, inaiuliza kwa mlango mwingine, na Chrome inajibu.)

Sasa kazi. Kwenye kivinjari kinachokubali programu jalizi, pakua ya kubadilisha mstari huo. Itaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua. Ipe, faragha ina gharama zake. Kisha chagua kuwa iPhone. Tecno yako itajitangaza hivyo, huku JavaScript ya tovuti ikichungulia ndani na kukuta chipu ya picha ya Mali, ambayo Apple haijawahi kuiweka kwenye iPhone yoyote. Hongera: umejificha kama mtu aliyevaa koti la baridi na miwani ya giza Kariakoo saa saba mchana.

Na usidhani hapo awali ulikuwa umepotea kwenye umati. Mwaka 2010 EFF, shirika la kutetea haki za kidijitali, lilipima vivinjari takriban 470,000; asilimia 83.6 havikuwa na pacha.

Wapo watakaokushauri utumie Tor Browser, inayojitahidi kuwafanya watumiaji wake wote wafanane, hata ukubwa wa dirisha. Wapuuze. Kama umeshaipakua, bado hujachelewa: ijaze programu jalizi uzipendazo, halafu ingia kwenye barua pepe yako yenye majina yako matatu.