Hodi ya Kihisi: Mafunzo ya Mwari Anayekwenda Kisiwani

Kaa kitako, kihisi mwanangu, nikufunde. Kesho unapelekwa kisiwani kukaa shimoni kwa ndege wa baharini, kama wenzako 32 walivyopelekwa Great Duck, jimbo la Maine, Marekani, mwaka 2002. Posho yako ni betri 2 za AA. Hakuna wa kukuletea nyingine, maana ndege anayeatamia akisumbuliwa na nyayo za watu huweza kulitelekeza yai lake.

Posho inaliwa na nini? Usidhani ni maneno. Redio yako, CC2420, ikisema kwa nguvu zote hutumia miliampea 17.4, ikitega sikio tu, 18.8. Kusikiliza kunakula kuliko kusema! Tega sikio usiku na mchana, na betri za miliampea-saa 2500 hazitamaliza siku 6. Amka kwa asilimia 1 ya muda, na redio peke yake itakaa mwaka na nusu.

Basi lala. Swali ni mtaonanaje na jirani iwapo wote mmelala. Wei Ye na wenzake waliokuja na itifaki ya S-MAC, 2002, waliwafundisha majirani kulala na kuamka kwa wakati mmoja. Ni adabu nzuri, ila saa zenu zikipishana mnapotezana.

B-MAC ya 2004 ikasema kila mtu alale kwa wakati wake, afungue sikio mara moja moja. Mwenye neno apige hodi ndefu, izidi usingizi wa jirani. Ubaya wake, mtaa mzima huamka na kungoja hadi hodi iishe, kumbe mgeni si wao.

Ninayokuusia mimi ni X-MAC ya 2006. Piga hodi fupi fupi, utaje jina: “Hodi, namba 7!” Nyamaza kidogo. “Hodi, namba 7!” Namba 4 akisikia si yeye, anageuka upande anaendelea na usingizi. Namba 7 akiamka tu anajibu “Karibu”, nawe unatoa ujumbe papo hapo. Kwa wastani nusu ya hodi umeiokoa, na nusu ya hodi ni siku za uhai.

Hodi yako ikigongana na ya mwenzio, usirudie pale pale. Kila mmoja angoje muda wake wa kubahatisha, ama sivyo mtagongana tena.

Haya, ingia. Usiku ndege akirudi shimoni, pima joto, piga hodi, tuma, ulale.