Anko Anashuka Mwenge

Kiwiko cha kushoto bado kinawaka moto, na kila nikikunja mkono kunywa chai namsikia yule konda. Juzi asubuhi nilianguka kwenye mataa ya Mwenge, na wala sikuanguka kama waungwana wanavyoanguka, kwa kasi na kwa kishindo, mtu akasimuliwa. Baiskeli ilikuwa imesimama kabisa. Taa nyekundu, breki nimezishika, kofia ngumu kichwani, kaptura ya kubana imenikaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Halafu Mwenge nzima ikaanza kuinama, polepole, kiasi kwamba muuza korosho aliyekuwa pembeni yangu alipata muda wa kusogeza beseni.

"Mguu, anko! Shusha mguu!" wakapiga kelele vijana wa bodaboda waliojipanga mbele ya mstari.

Ushauri mzuri sana. Shida ni kwamba mguu kwa wakati huo haukuwa wangu, ulikuwa mali ya pedeli.

Hapa sharti nieleze, maana kuna wanaodhani ni uzembe. Baiskeli za mwendo mrefu hufungwa pedeli ambazo hazikanyagwi tu, zinang'ata. Chini ya soli ya kiatu kuna kipande cha chuma kilichokazwa kwa skrubu. Pedeli nayo ina taya mbili: ya mbele haitikisiki, ya nyuma ina springi. Unachomeka ncha ya kile chuma mbele, unakandamiza, taya ya nyuma inasogea na kurudi, unasikia "ta!", na tangu hapo wewe na baiskeli mmefunga ndoa. Raha yake ni kwamba mguu hautelezi hata ukipita kwenye makorongo, na unyayo unabaki palepale mzunguko baada ya mzunguko. Ufundi wenyewe umetoka kwenye theluji. Kampuni ya Kifaransa ya LOOK ilikuwa ikitengeneza vibanio vya viatu vya watu wanaoteleza milimani, vile ambavyo kazi yake ni kuuachia mguu mtu anapoanguka ili usivunjike. Mwaka 1984 wakauhamishia ujuzi huo kwenye baiskeli, na mwaka 1985 Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa na pedeli hizo. Yaani ukoo mzima wa kifaa hiki ulizaliwa kwa ajili ya kumwachia mtu anayeanguka! Nililitafakari hilo nikiwa katikati ya safari ya kwenda chini, na muda ulitosha.

Kujinasua, huvuti mguu juu wala nyuma. Unazungusha kisigino kwenda nje. Kichwa kinalijua hilo, lakini mwili uliokulia Temeke kwenye baiskeli za kukodi ukishaona ardhi inakuja unauvuta mguu juu, na juu ndiko zile taya zinakoshika kwa nguvu zote. Tena springi ina kiskrubu cha kuikaza na kuilegeza. Aliyeniuzia, Kariakoo, aliikaza mpaka mwisho. "Ili isikusumbue, bosi."

Na kwa nini baiskeli inayokwenda haianguki, ila iliyosimama inaanguka? Miaka yote niliambiwa ni kwa sababu ya magurudumu kuzunguka, na nikawaambia wengine kwa sauti ya mtu anayejua. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walitoa matokeo ya kibaiskeli cha ajabu. Kila gurudumu waliliwekea mwenzake linalozunguka kinyume, ili ile nguvu ya mzunguko ifutike. Wakakisukuma bila mpanda, na bado kikaenda wima. Siri kubwa iko kwenye usukani. Baiskeli ikiinama kushoto, usukani nao unakata kushoto, magurudumu yanakimbilia chini ya uzito na kuudaka, baiskeli inainuka. Kisha inainama kulia. Yule baba unayemwona anapita taratibu, amenyooka mgongo, redio inaimba kwenye usukani, kumbe njia nzima anaanguka na kudakwa, anaanguka na kudakwa. Ukiondoa mwendo, hakuna tena wa kudaka.

Basi nikafika chini. Konda wa daladala ya Tegeta, aliyekuwa ananing'inia mlangoni, akagonga bati. "Shusha, dereva! Anko anashuka Mwenge!" Abiria wote wakahamia madirisha ya upande wangu, sijui gari lile lilivyonusurika kupinduka.

Mngedhani yameisha. Nilikuwa nimelala ubavu na miguu yote miwili bado imefungwa, nimekumbatiana na baiskeli mbele ya kadamnasi. Muuza korosho akaweka beseni chini, akashika kiatu, akavuta. Kijana wa bodaboda akashika baiskeli, akavuta upande wa pili. Mimi katikati.

"Zungusha kisigino nje!" nikawaambia.

"Nje wapi, anko?"

Swali la haki kabisa. Mtu akilala ubavu, nje ya mguu mmoja ni mbinguni na nje ya mwingine ni kwenye lami. Wakaanza kubishana. Dereva mmoja akashauri iletwe spana. Taa ikawa kijani, honi zikaanza, na hapo ndipo mama mmoja muuza mihogo, ambaye hakuwa ameinuka kwenye kiti chake muda wote, akatoa hukumu: "Mvueni viatu, nyie!"

Wakanivua. Nikasimama Mwenge na soksi, saa moja asubuhi, huku viatu vyangu vimebaki kwenye pedeli, vimetulia, tayari kwa safari bila mimi. Trafiki akaja akanishikia baiskeli mpaka kando. "Pole, mzee. Ila vaa viatu."

Mikasa mingine ya mazoezi yangu ya baiskeli ni midogo. Boko nilipata pancha nikakuta sulesheni imekauka kwenye kopo. Mapinga nguvu ziliniisha ghafla, nikaomba kukaa kwenye kigoda cha muuza maandazi nikamaliza sinia. Habari za siti sizisemi.

Ila liko jambo lililonikalia kooni. Ukishapita Tegeta barabara inabana, na honi ya basi nyuma yako si onyo, ni amri ya kuhama. Ukingo wa lami umemong'onyoka, ukishuka kwa tairi jembamba unajua mwenyewe. Palipojengwa kando kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli pameegeshwa magari. Jumamosi moja pale Bunju nilimwona mbeba mkaa akija upande wa pili, Phoenix kuukuu, magunia yamepangwa nyuma mpaka yamempita kichwa. Basi likaamua kulipita lori. Wakakutana naye, na kwa kuwa ni yeye aliyekuwa na baiskeli, ni yeye aliyekwenda mtaroni. Gunia likapasuka. Konda akachungulia dirishani akamtukana mama yake, basi likaenda zake.

Mimi niliyejiangukia mwenyewe nilipewa pole na nusu ya Mwenge, kwa sababu mtu aliyevaa kofia ngumu na kaptura ya kubana anahesabiwa kuwa gari kaliacha nyumbani. Huyu alipewa tusi. Wabeba mkaa kama yeye ndio waendesha baiskeli wa masafa wa nchi hii, hawana namba mgongoni wala gari la maji linalowafuata, wanapita usiku na mchana na mizigo ambayo mimi singeweza hata kuisimamisha, na barabara ilipochorwa wao hawakuchorwa. Siku wakigongwa tunaambiwa hawakuwa na taa.

Nikavuka (siku hiyo kisigino kilikumbuka), tukainua Phoenix, tukaanza kuokota. Mkaa wote aliurudisha, hata vipande vidogo vya kuwashia pasi, anavipuliza vumbi kwanza. Gunia tukalifunga kwa mpira wa tyubu yangu iliyotoboka. Alikuwa ametoka porini huko nyuma ya Mapinga tangu usiku wa manane.

"Na wewe kaka, unaelekea wapi?"

"Leo naishia Mapinga. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kwenda Bagamoyo."

Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akaitazama kaptura. "Bagamoyo kuna msiba?"

"Hapana. Nafika, nakunywa soda, narudi."

Akajifuta mkono kwenye suruali, akautia mfukoni.

"Nauli imepungua shilingi ngapi, kaka?"