Debe la Mahindi na Gitaa la Besi

Katika bendi yoyote, mwimbaji hupata mashabiki, mpiga solo hupata sifa, na mpiga ngoma hupata nafasi ya kutoa jasho mbele za watu. Mpiga besi hupata maumivu ya bega. Nimeyajua haya uzeeni, nikiwa mwalimu mstaafu hapa Kasense, Sumbawanga, baada ya mpiga besi wa kwaya yetu kuhamia Mpanda kutafuta maisha. Kikao cha kwaya kilitazama kushoto, kikatazama kulia, kikanitazama mimi. Sauti yangu ya kuimba, walisema kwa heshima zote, imefanya kazi kubwa na sasa inastahili kupumzika.

Nilikubali kwa hesabu nyepesi: gitaa la kawaida lina nyuzi sita, besi lina nne, kwa hiyo kazi imepungua theluthi moja. Hesabu hiyo haikutaja unene. Uzi mnene wa besi una karibu milimita 2.7, unaupita waya wa breki ya baiskeli. Haikutaja urefu pia: sehemu ya uzi inayolia ni kama sentimita 86, wakati kwenye gitaa la kawaida ni 65 hivi. Mkono uliozoea kushika chaki unatakiwa utanuke, ubonyeze chuma, na usipige kelele. Halafu mji wetu uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Juni ikiingia nyuzi huwa na baridi ya kukufanya uombe msamaha kabla ya kuzigusa. Malengelenge yakipasuka, unapewa pole na mkeo, kisha unakumbushwa kwamba kuna kuni za kupasua.

Mwalimu wangu ni kijana wa bodaboda niliyemfundisha hesabu darasa la nne. Huja jioni, huvua kofia ngumu, huinamisha kichwa. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba." Baada ya hapo heshima huwa imekwisha. "Mwalimu, hesabu moja mpaka nne, kila namba na uzi wake. Umeiruka tatu, Mwalimu. Rudia." Mtoto huyu alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya dawati, nami nikimkataza. Leo ananilazimisha kuhesabu kwa vidole, na usoni mwake naona furaha isiyomo kwenye mtaala wowote.

Ninapokata tamaa hujifariji na habari za Leo Fender, fundi redio wa California. Mwaka 1951 alileta sokoni besi la umeme la Precision, lenye vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ili mpigaji asikisie sauti iko wapi. Kabla ya hapo mabendi mengi yalibeba besi la mbao la kusimama, refu kuliko mpigaji mwenyewe. Fender aliibadilisha dunia ya muziki, na maisha yake yote hakujua kupiga gitaa. Nimemweleza mwalimu wangu habari hizo. Akasema, "Sawa, Mwalimu, lakini yeye hakuwa na Misa Jumapili."

Tatizo la besi ni kwamba halikai nyumbani. Uzi mnene ukiachwa wazi hutikisika mara 41 kwa sekunde, na wimbi moja la sauti yake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Sebule yangu haina mita 8. Kwa hiyo sauti hutoka kutafuta nafasi kwa majirani, inapenya matofali ya kuchoma, inatikisa bati na kuchezesha vikombe kabatini. Jioni moja bibi mmoja alibisha hodi, debe la mahindi kichwani.

"Debe mnasaga shilingi ngapi?"

"Bibi, hapa si mashineni. Ni gitaa."

Akasikiliza kidogo, nikampigia.

"Kwa hiyo halisagi?"

"Halisagi, bibi."

"Na ngurumo yote hiyo?"

Akajitwika debe lake akaondoka, akinihurumia waziwazi. Tangu hapo umeme ukikatika Kasense, wote hulalamika isipokuwa majirani zangu. Watu wa mbali wakisikia jina la Sumbawanga huuliza habari za uchawi. Mimi ni shahidi wa kutegemewa: kama majirani zangu wangekuwa nao, vidole vyangu vingekwisha kauka zamani, maana sababu wanayo.

Uzi ulipokatika niliagiza seti Mbeya, ikaja na basi mikononi mwa konda. Nilipofungua bahasha nikakuta nyuzi sita, nyembamba, za gitaa la solo. Nikampigia simu mwenye duka. Akanijibu bila haya kwamba nimebahatika, nimepata mbili za nyongeza.

Ikafika Jumapili yangu ya kwanza. Kwaya yetu haiimbi imesimama wima. Wakati wa matoleo huyumba kulia, ikayumba kushoto, na vyombo huyumba nayo. Vidole vyangu vilikuwa vimeshajua njia, lakini miguu haikuwahi kufundishwa. Kwaya ikaenda kulia, mimi nikaenda kushoto, na kichwa cha besi kikanasa kilemba cha mama mmoja wa sauti ya kwanza. Kilemba kilisafiri nami mpaka mwisho wa ubeti, kikining'inia kwenye funguo za kukazia nyuzi. Waumini walitoa sadaka wakitabasamu. Baada ya Misa nilimuuliza mwalimu wa kwaya kama nilipiga vizuri. "Vizuri sana," alisema. "Sikukusikia kabisa."

Niliumia, kisha nikaelewa kuwa nimesifiwa. Besi likikaa sawasawa na ngoma kubwa ya mguu, sikio huliacha likaenda kumsikiliza mwimbaji, na miguu ndiyo hubaki nalo. Muulize yeyote aliyecheza dansi miaka ya 1980 juu ya Mlimani Park Orchestra, Sikinde, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978. Atakutajia waimbaji kwa haraka: Muhiddin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka. Muulize nani alipiga besi, uone atakavyokuna kichwa. Ni Suleiman Mwanyiro. Watu walimwimba Gurumo nyumbani kwao, lakini ukumbini waliyemfuata kwa miguu ni Mwanyiro.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, anza na uzi mmoja na hesabu ya nne, nyuzi ziwe zimekazwa sawa. Kata kucha. Waage majirani kabla hujachomeka waya, na simama mbali na vilemba. Usitafute mbwembwe, sauti moja iliyofika kwa wakati inaishinda kumi zilizochelewa. Nawe usiyetaka kujifunza, una kazi ndogo tu: siku ukiikuta bendi au kwaya imepumzika, mfuate mpiga besi umsalimie kwa jina lake. Atashtuka kidogo, lakini atafurahi.