Hesabu ya Bi Kaa

Paukwa! Pakawa!

Hapo kale, na kale yenyewe si ya mbali, palikuwa na hori katika pwani ya Kwale lililozungukwa na mikoko pande zote. Kamba walizaliana mizizini, ndege walilala matawini, na mawimbi ya kusi yalipofika yaligonga ukuta wa miti yakarudi yamechoka. Kisha mashoka yakaingia. Boriti zikaenda kwa wajenzi, kuni zikaenda kwenye matanuri, tope likabaki wazi kama kichwa kilichonyolewa. Haukupita muda, bamvua ikapanda hadi kwenye mashimo ya kaa, ikamwaga mchanga, ikaondoka na kipande cha ufuo.

Msimu wa kaskazi Korongo akatua. Kwao ni Ulaya. Kila mwaka baridi inapoanza huko huteremka Afrika, na masika hayajakolea huwa keshaondoka. Safari hiyo alikuja na mkoba shingoni. Alikuwa ndege mwenye huruma ya kweli, na alipoliona tope lile machozi yalimlenga.

“Humu mna ufadhili wa miche 10,000,” akasema. “Sharti ni moja. Ipandwe yote kabla sijaruka kurudi, nipate kuwapelekea wafadhili ripoti.”

Jioni ile ile Kima akawa mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyekaa kwenye tawi la juu zaidi kati ya yaliyobaki, na ndiye aliyejua kuzungumza na Korongo. Kasuku akawa karani. Mkoba ukafunguliwa: zikalipwa posho za semina ya mabadiliko ya tabianchi, zikashonwa fulana, likakodiwa hema, pilau ikapikwa sufuria tatu. Kilichobaki kikanunua mbegu.

Siku ya kupanda wakachagua tope la mbele kabisa, linalotazamana na bahari. Pale hapakuwa na visiki wala mizizi ya kuhangaika nayo, na picha zingetoka vizuri. Ndipo Bi Kaa alipotoka shimoni.

“Mwenyekiti, pale mbele ni pa mlilana. Mkoko haukai pale, wimbi litaung’oa. Na mbegu zenyewe mmezichuma mbichi, hazijatoa pete ya manjano shingoni. Hata zilizokomaa huwekwa kwanza kivulini siku kadhaa. Mkizipanda hivi tutazila. Nawaambia mapema, maana walaji ni sisi.”

“Anayetembea kombo,” Kima akajibu, “atatufunza kunyoosha mstari?”

Wakacheka, wakapanda.

Hapa naomba tukae kidogo, msomaji. Mbegu ya mkoko si kitu cha kudharau. Huota ingali juu ya mamaye, ikaning’inia kichwa chini kwa miezi, ndefu na ya kijani, mpaka itoe ile pete ya manjano. Hapo hudondoka, na ikibahatika huchoma tope ikasimama. Mti umekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Unachotuomba ni mahali panapoufaa na wa kuutazama miaka yake ya mwanzo. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja, kulea ni kazi ya miaka, na mkoba ule ulilipia asubuhi. Naliona hilo kuwa ndilo kosa lenyewe, kubwa kuliko pilau na kuliko fulana.

Korongo akaruka na ripoti yake. Kusi likaja, miche ikaenda. Kaskazi iliyofuata akarudi na mkoba mwingine; Kasuku akamsomea 10,000, wakapanda tena kwenye mashimo yale yale, akasoma 20,000. Mwaka wa tatu akasoma 30,000. Kwenye karatasi hori lilikuwa msitu.

Mwaka huo wa tatu bawa la Korongo liliteguka. Wenzake wakaruka, yeye akabaki. Kwa mara ya kwanza maishani akaliona kusi.

Usiku wa bamvua alisimama ndani ya maji ya magotini akitazama. Mche mmoja ulikuwa karibu na mguu wake. Wimbi la kwanza liliuinamisha, la pili likachimba tope kuuzunguka, la tatu wala halikuhitaji nguvu. Mche ukaelea ukimpapasa miguu, utepe mwekundu wa sherehe ungali umefungwa shingoni. Kisha ukaja mwingine, na mwingine. Hakulala.

Asubuhi Bi Kaa akamwongoza nyuma ya visiki, mahali ambapo wageni hawakuwahi kufikishwa. Palikuwa na miche imesimama, majani mabichi yanang’aa, mingine imeanza kutoa mizizi ya pembeni.

“Hii ilifadhiliwa na nani, Bi Kaa?”

“Na nani, Bwana Korongo? Mbegu tuliziokota sisi na kina Kitwitwi, zilipodondoka zenyewe. Mbuzi wa kijijini wakitaka kuingia, Mzee Kenge hulala njiani. Siku akilala njiani hawindi, na wanawe hulala na njaa. Ungeniuliza nani alipwe, ningeanza na huyo.”

Chozi, aliyekuwa akifyonza maua ya msinzi, akashuka.

“Bibi, mbona Gazi pale wanafanya hivyo? Mikoko yao nayo ilikatwa. Watafiti na wanakijiji wakaanza kuirudisha tangu 1991, wakijifunza kipi kinakaa wapi. Mwaka 2013 Gazi na Makongeni wakaanzisha Mikoko Pamoja. Wanatunza hekta 117, wanauza hewa ukaa iliyohifadhiwa pale, tani 3,000 hivi kwa mwaka. Fedha hufika kwa kamati waliyoichagua wenyewe, na wanakijiji husema ziende wapi. Zimeleta maji ya bomba, zimenunua vitabu vya shule.”

“Kumbe hununuliwa msitu uliosimama,” akasema Korongo.

“Na bara nako, tangu 1977, Wangari Maathai na akina mama wa Green Belt Movement walipanda kwa mpango wa namna hiyo. Mama alilipwa kidogo kwa kila mche wake ulioshika. Uliokufa haukuwa na malipo.”

Korongo akanyamaza. Mkobani zilibaki senti chache. Akamwita Kima, akamwita Kasuku, na mbele ya wote akamkabidhi Bi Kaa. Bi Kaa hakununua fulana. Alimlipa Mzee Kenge kwa kila mwezi mchanga, akawalipa kina Kitwitwi kuokota mbegu zenye pete, na kule mbele akaacha kabisa mpaka apate mbegu za mlilana. Kasuku akapewa kazi yake ile ile, isipokuwa sasa ahesabu kusi likiisha, akigusa kila mche kwa mdomo.

Kusi likaisha. Kasuku akaenda tangu alfajiri mpaka maji yakamfukuza.

“Sitini na tatu,” akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini.

Korongo aliirudia hesabu hiyo siku nyingi, akizoea kuitamka. Alijua kwao watauliza miche 30,000 imekwenda wapi. Alijua kuna watakaosema mradi umeshindwa, mkoba upelekwe pwani nyingine yenye kasuku mwingine. Mwenye kuisema namba ndogo ya kweli mbele ya wenye fedha huhatarisha hata hiyo ndogo, nami namheshimu kila aliyewahi kuisema.

Upepo ukageuka kuwa kaskazi. Korongo wenzake wakashuka kwa kundi, wamechoka, mikoba shingoni, wakajipanga topeni nyuma ya visiki kusikiliza ripoti. Yeye akasimama mbele yao, bawa moja chini kidogo.

“Ni sitini na tatu,” akasema.

Bi Kaa akachungulia kutoka shimoni, akatazama miguu ya wageni mmoja mmoja.

“Sitini na mbili, Bwana Korongo,” akasema. “Ndugu yako yule wa mwisho kakanyaga mmoja. Mwambie ainue mguu taratibu, huenda haujavunjika.”