Kapu la Simu

Simu ya mkononi haikuingia nyumbani peke yake. Iliingia na tochi, ikaja na saa ya kuamshia, redio, kamera na kikokotoo, na tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ikawa pia pochi ya baba mwenye nyumba. Ndiyo maana kila amri ya kuidhibiti huvunjwa kwa sababu halali kabisa. Anayekutwa nayo usiku wa manane alikuwa anaangalia saa. Anayekutwa nayo mezani alikuwa anamjibu mtu wa hela. Anayekutwa nayo chooni hana maelezo, na ni heri asiulizwe.

Amri inayotungwa kwanza ni ya mezani: simu zote kapuni mpaka chakula kiishe. Mtungaji kwa kawaida ni mama. Mvunjaji wa kwanza ni baba, ambaye simu yake ni ya kazi. Kapu lenyewe likiwekwa karibu na bakuli la mchuzi ni balaa tupu, maana simu tano hutetemeka kwa zamu na kila mlaji husimamisha tonge hewani kusikiliza kama ni yake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba simu iliyolala mezani, hata ikiwa kimya, ilimpunguzia mwenyewe uwezo wa kufikiri. Waliofanya vizuri zaidi ni wale walioacha zao chumba kingine. Basi kapu liende chumbani, juu ya kabati, mbali na pilau.

Linakaa huko vizuri hadi umeme wa Luku uishe. Tochi imo kwenye simu. Pesa ya kununulia umeme imo kwenye simu. Tokeni ya tarakimu 20 itaingia kwenye simu. Baba anakwenda akipapasa, anajigonga kidole cha mguu kwenye stuli, anatamka neno ambalo watoto hawakupaswa kujua kuwa analijua, kisha anaibuka na simu ya binti yake. Ya kwake inapopatikana, tokeni inafika pamoja na mambo ya kundi la ukoo: mchango wa harusi, picha ya bwana harusi, na sauti ya shangazi ya dakika nne akieleza kwa nini hakushirikishwa. Baba anaisikiliza yote, amesimama mbele ya mita, kidevu kikimulikwa, huku wenzake wanautafuta wali kwa vidole. Tarakimu zinabonyezwa hatimaye. Ya kumi na saba inakosewa.

Hapa dawa si ukali, ni kuinyang'anya simu vyeo vyake. Tochi ya betri ikining'inia karibu na mita, saa ikiwa ukutani na umeme ukinunuliwa mchana kabla haujaisha, visingizio vitatu vimekufa. Namba ya mita na za majirani ziandikwe kwenye karatasi. Karatasi haina kundi la ukoo.

Kitandani kazi ni ngumu zaidi. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alibuni ukurasa unaojiongeza kila unaposukumwa, usio na mwisho. Gazeti lina ukurasa wa nyuma. Huu mwisho wake ni chaji kukata au simu kumdondokea msomaji puani. Chaja ihamie sebuleni moja kwa moja. Lakini saa ya kengele inunuliwe kwanza, la sivyo simu italia sebuleni alfajiri na kuamsha nyumba nzima isipokuwa mwenyewe.

Mwaka 2018 Apple na Google zilileta vipima muda vya kufunga programu muda uliowekwa ukiisha. Kwa mtu mzima havina meno, kwa kuwa aliyejiwekea mpaka ndiye anayebonyeza kitufe cha kuuondoa. Kwa mtoto vinafaa, ilimradi nywila isiwe mwaka wake wa kuzaliwa na bibi ajulishwe mapema. Bibi hajali kipima muda; mjukuu akilia, anampa ya kwake, na haina nywila.

Yabaki makundi. Tangu alama za buluu za WhatsApp zianze mwaka 2014, kusoma bila kujibu kumekuwa kosa la kuitishiwa kikao, na watu hujibu ili tu wasisemwe. Makundi yazimwe sauti, simu za kupigwa ziachwe zilie. Mwenye msiba au mgonjwa hupiga; asipopokelewa humpigia jirani, na jirani huja kugonga, mara nyingi akiwa ameshaisoma habari yenyewe kwenye kundi.