Barua ya Wazi kwa Mamlaka Iliyonyamazisha Mvumo wa Miritini

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Mheshimiwa, barua hii inaletwa kwa heshima ili kutoa pongezi, kwani ni nadra serikali kuondoa kero bila kuigusa. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinaagiza kwamba ndani ya nyumba za makaazi, tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, sauti isizidi desibeli 35, na kwa hiyo mkaazi wa Miritini, Mombasa, anayekoseshwa usingizi na mvumo mzito asioujua utokako amekwisha kulindwa, ijapokuwa mwenyewe bado hajatambua.

Siri ya ulinzi huo imo katika herufi moja. Desibeli zinazotajwa ni za mizani A, yaani hesabu inayopunguza sauti za masafa ya chini, zile zinazotetema mara chache kwa sekunde, kwa hoja kwamba sikio la binadamu huzipata kwa shida. Sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde hukatwa takriban desibeli 30 kabla ya kuandikwa, hivyo mvumo wa desibeli 60 huingia chumbani ukipenya ukuta ambao ungezuia sauti nyembamba, kisha hutoka kwenye kifaa cha kupimia ukiwa 30, raia mwema asiyevunja sheria yoyote.

Washukiwa hawakosekani mtaani: malori yanayonguruma yamesimama, makontena ya baridi, jenereta, garimoshi za stesheni ya reli ya kisasa, SGR, iliyofunguliwa mwaka 2017, na transfoma za stima, na kila mmoja anaweza kuapa kwamba mvumo ni wa jirani. Huko Windsor, Kanada, wakaazi walilalamikia mvumo kama huu kwa miaka mingi, na mvumo ulikoma mwaka 2020 tanuri za chuma za Zug Island, ng'ambo ya mto upande wa Marekani, zilipozimwa. Njia hiyo ya kungoja mtuhumiwa azime mitambo kwa hiari yake haina gharama, ila Mombasa haitarajiwi kufunga bandari.

Ombi ni hili: ofisa afike usiku, apime ndani ya chumba cha kulala kwa mizani C, ambayo kwa masafa hayo hukata takriban desibeli moja tu, na kanuni zirekebishwe ziwekee sauti za masafa ya chini kipimo chake.