Mvua ya Bweyeye na Kurasa za Kioo

Kishikwambi kikubwa cha kusomea nota kinaifaa sana kwaya isiyokihitaji. Hiyo ndiyo hoja yangu, na najua itawaudhi walioanza kupitisha kapu la mchango baada ya mazoezi, maana wao wanakitaka kwa sababu iliyo kinyume kabisa: nota zimechakaa, waimbaji wanasahau, mpiga kinanda anahangaika na karatasi, basi kije kituokoe. Nikitaka kuipima hoja hii naipeleka Bweyeye, sekta ya wilaya ya Rusizi iliyojibanza kusini mwa msitu wa Nyungwe, jirani kabisa na Burundi. Sina ugomvi na Bweyeye. Naichagua kwa kuwa picha za matangazo ya vifaa hivi hupigwa kwenye kumbi zenye mazulia na hewa iliyopozwa, ilhali Nyungwe hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na wingu litokalo msituni halina desturi ya kuuliza kama Misa imekwisha. Kifaa kikifaulu hapo, kitafaulu popote.

Tukitendee haki kwanza. Wazo lenyewe si la jana: mwanamuziki wa Marekani Harry Connick Jr. alipewa hataza mwaka 2002 kwa mfumo wa kuonyesha nota za bendi nzima kwenye vioo vya kompyuta, kabla ya ulimwengu kujua iPad ni nini. Miaka kumi baadaye, Novemba 2012, okestra ya Brussels Philharmonic ilipanda jukwaani na vishikwambi vya Samsung badala ya karatasi. Mwaka 2015 Apple walileta iPad Pro ya inchi 12.9, kioo cha kama sentimita 26 kwa 20, yaani kinachokaribia karatasi ya A4, kwa uzito wa gramu 713 na bei ya kuanzia dola 799. Hapo ndipo wapiga kinanda wenye miwani walipoanza kutabasamu. Nyimbo elfu moja zinakaa ndani ya kitu chepesi kuliko jalada moja la nota za Krismasi. Herufi ndogo za solfa zinakuzwa hadi zionekane. Na anayepakua nyimbo za kwaya za Kikatoliki kutoka Swahili Music Notes hana haja ya kutafuta mashine ya kutoa nakala. Yote hayo ni kweli. Mimi naanza kutilia shaka pale mtu anapokitoa kifaa hicho mazoezini na kukipeleka ibadani.

Shida ya kwanza ni kwamba programu za nota zinaamini wimbo ni kitu kiendacho mbele. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mwisho, makofi. Wimbo wa Misa hauendi hivyo. Kiitikio kiko ukurasa wa kwanza, mashairi yako wa pili na wa tatu, na kila shairi likiisha sharti urudi ulikotoka. Zaidi ya hapo, urefu wa wimbo wa matoleo hauamuliwi na mtunzi bali na foleni ya wanaotoa sadaka. Ikitokea siku hiyo wakulima wameleta ndizi, mihogo na jogoo asiyetaka kutolewa, kwaya itarudia kiitikio mpaka jogoo akubali. Foleni ikiwa fupi, kiongozi atafunga ngumi angani katikati ya shairi la pili, na wote wanyamaze isipokuwa kinanda, kwa sababu mpiga kinanda alikuwa bado anatelezesha kidole kuutafuta ukurasa wa nne. Karatasi hazina tatizo hilo: unazibandika tatu upande kwa upande na jicho linaruka lenyewe. Wapo watakaosema kishikwambi nacho huonyesha kurasa mbili kikilazwa. Huonyesha, ndiyo. Lakini gawa sentimita 26 mara mbili, na kila ukurasa unabaki mdogo kuliko A5. Yule mzee tuliyemnunulia kifaa kwa sababu ya macho yake sasa ameinama hadi pua inakaribia kupiga kibao cha do.

Hiyo pua si mzaha mtupu. Vioo hivi hutambua mguso kwa umeme mdogo unaopita kati ya kioo na ngozi, na ngozi si kitu pekee kinachopitisha umeme. Maji nayo hupitisha. Tone likianguka kwenye kioo, kifaa kinaweza kulihesabu kama kidole, na Bweyeye ina vidole vya namna hiyo vingi kuanzia Septemba hadi Desemba, kisha tena Machi hadi Mei. Bati lenye tundu moja la msumari juu ya kinanda linatosha kumpa mpiga kinanda msaidizi asiyejua nota. Kinyume chake ni kibaya vilevile: kidole kilicholowa jasho hugusa mara tatu na kioo hakisikii, kisha husikia zote tatu kwa pamoja. Faraja ni moja tu, kwamba mvua ikitosha kutoboa paa huwa imeshapiga kelele ya kutosha juu ya mabati, na hapo hakuna muumini anayeweza kuapa kwamba kwaya imekosea.

Wauzaji wanalo jibu: pedali. Unakanyaga, ukurasa unageuka, mikono haitoki kwenye kinanda. Jibu zuri, ila chini ya kinanda cha umeme tayari kuna pedali nyingine, ile ya kuendeleza sauti, na mguu wa kulia wa binadamu ni mmoja. Anayetaka kurefusha sauti ya mwisho ya Utukufu anajikuta yuko Nasadiki. Anayetaka kugeuza ukurasa anairefusha sauti hadi padre anageuka kumtazama. Kisha kuna mtandao. Karibu na mpaka si ajabu simu au kishikwambi chenye laini kushika mnara wa nchi ya jirani, na kampuni ya simu haijui adabu za liturujia: katikati ya Mtakatifu unashuka ujumbe wa kukukaribisha Burundi na kukutakia safari njema. Dawa yake ni rahisi, kuzima mawasiliano yote kabla ya Misa. Lakini pedali inaongea na kifaa kwa Bluetooth, na mwenye haraka aliyezima kila kitu amezima na mguu wake.

Hapa mtetezi wa teknolojia ananikatiza, na ana haki. Je, karatasi hazina maafa? Zinayo, tena ya kuchekesha zaidi. Upepo huzibeba, ndiyo maana wanamuziki wa nje huzibana kwa vibanio vya nguo. Unyevu huzikunja, mchwa huzisoma kabla ya waimbaji, na daima kuna sauti ya tatu aliyeenda na nakala nyumbani na kufungia vitumbua. Hata hivyo maafa ya karatasi huja kwa rejareja. Ukurasa mmoja ukiruka, mmoja amepotea, jirani yake anamsogezea wake, na mtoto wa benchi la mbele anaukimbilia ule uliodondoka. Kila mtu anaona kilichotokea na kila mtu anajua la kufanya. Kishikwambi hufanya maafa kwa jumla: nyimbo elfu moja hupotea kwa pamoja, na kwa nje hakuna kinachoonekana zaidi ya mtu anayekitazama kioo cheusi kwa uso wa mdaiwa. Hakuna wa kumsaidia. Neno la siri analijua yeye, na kwa wakati huo hata yeye halijui.

Umeme ukikatika ndipo hoja yangu inaposimama wazi. Kishikwambi kina betri, kwa hiyo hakizimiki. Kinachozimika ni kinanda. Mpiga kinanda anabaki amemulikwa vizuri, nota zake zikiwa safi na kubwa, mbele ya vibao visivyotoa sauti. Nani anaendelea na Misa? Waimbaji, wanaoujua wimbo kwa moyo, na mpiga ngoma, ambaye hajawahi kuchajiwa. Kukariri si unyonge wa kijijini. Ambassadors of Christ wa Kigali walipoufikisha wimbo wa “Kwetu Pazuri” Afrika Mashariki nzima, watazamaji hawakuona karatasi mikononi mwao, wala kioo. Kwaya ya namna hiyo inaweza kuwa na kishikwambi na isipate madhara, kwa kuwa kikifa, kinakufa peke yake.

Pingamizi gumu zaidi ni la wanaoimba kazi nzito. Hallelujah ya Händel ina sauti nne zinazokimbizana, na kuidai kwaya iikariri yote ndani ya majuma ya Majilio ni kuitafutia aibu. Nakubali. Ila kwaya inayohitaji nota kiasi hicho itahitaji pia nota za akiba, na akiba ya kishikwambi ni kishikwambi cha pili au karatasi. Okestra ya Brussels ina bajeti na wafanyakazi wa kulibeba hilo. Kwaya ya parokia itachapa karatasi, itaziweka chini ya kifaa “kwa tahadhari tu”, na Jumapili ya tatu karatasi zitakuwa juu na kifaa chini, kikizuia zisipeperuke. Kwa gramu 713 kazi hiyo kinaiweza vizuri.

Kwa hiyo kinunuliwe, kama kapu limeshajaa. Kikae kwa mwalimu wa kwaya kama kabati la nota, kitumike kwenye mazoezi kukuza solfa na kupunguza kugombana juu ya nakala moja. Ibadani, mpiga kinanda apewe karatasi zilizobandikwa, na pembeni yake asimame binti wa miaka kumi anayejua kuhesabu mashairi. Huyo anaona foleni ya sadaka ilivyo ndefu. Anaona ngumi ya kiongozi na jicho la padre. Vidole vikilowa anavifuta kwenye sketi, na gharama yake ni soda moja baada ya Misa, Fanta ikipatikana. Akigeuza kurasa mbili kwa mpigo hurudisha mmoja, wala hakuna anayemtaka azimwe na kuwashwa tena.